Mkufunzi wa Haya

“Chande, daraja la pili,” ilisema Nasaha sikioni mwa Maalim Famau, kwa sauti laini ambayo ingemfaa yaya kuliko mnyapara.

Maalim alikuwa amekwisha kusimama mbele ya meza ya Chande, mikono nyuma, kofia yake ya viua imekaa kichwani sawasawa kana kwamba imewekwa kwa pimamaji. Mezani palikuwa na mabamba mawili ya chuma yaliyounganishwa kwa kitu ambacho Chande mwenyewe alikuwa akikiita mshono. Maalim hakuhitaji mashine imwambie kuwa kitu kile kilistahili dharau, na kuambiwa kulimkera kuliko kitu chenyewe.

“Chande.”

“Labeka, Maalim.”

“Hiki ni nini?”

“Mshono, Maalim.”

“Nani kakwambia?”

Karakana ikaanza kunyamaza, meza baada ya meza. Waliokuwa wamevaa barakoa za kuchomelea wakazipandisha juu ya paji la uso. Hakuna aliyetaka kupitwa.

“Nimeuchomelea mwenyewe, Maalim. Na Nasaha imesema upana wake uko sawa.”

“Upana.” Maalim alilitamka neno lile kama mtu atoaye unywele katika pilau. “Hata kaburi lina upana. Sikiliza, nisije nikaulizwa kesho kwa nini nilikunyima elimu.” Akaligonga bamba kwa ukucha, akaghani taratibu, bila haraka:

“Hujashona, umekuna, chuma kimeota pele,
Hili si la muungwana, ni kazi ya mwenye ndwele.”

Kicheko kililipuka karakana nzima. Chande naye alicheka kidogo, kwa kuwa hakujua uso wake auweke wapi, kisha masikio yakamwiva. Bangili ya mkononi mwake, iliyopima uangalifu wake na kutwa ilikuwa kijani, ikageuka manjano, ikatulia hapo. Akayatenganisha mabamba, akayafuta mavi ya chuma, akachukua rodi mpya. Safari hii aliishika kama mtu ashikaye kitu cha watu.

“Imetosha,” ilisema Nasaha. “Ahsante, Maalim. Mkono wake sasa uko tayari kujifunza.”

“Na wewe lini?” aliuliza Maalim kwa sauti ya chini. Nasaha haikujibu. Haikupewa akili ya kutambua swali lisilotaka jibu, na walioiunda hawakuwa nayo wao wenyewe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Maalim, na mshahara wake ulikuwa halali, ingawa kuna siku aliutazama kwa shaka. Chuo cha Ufundi cha Ras Mkungu kilifundisha uchomeleaji wa makasha. Bahari ilikuwa imekwisha kuula mji wa chini, soko, mahakama na msikiti aliosomea Maalim, na sasa ilikuwa ikiunyemelea mji wa juu. Ukuta wa kuizuia ulijengwa chini ya maji, na wajenzi wake walikaa humo ndani ya makasha ya chuma yaliyojazwa hewa, yakining'inizwa kwa minyororo. Kasha likifunguka mshono, hakuna aliyetoka kusimulia. Kwa hiyo mafundi wa kwanza waliweka ada, na ada ile ikashinda sheria zote zilizoandikwa baadaye: fundi huzama na kazi yake. Anayechomelea kasha hulizindua yeye mwenyewe, peke yake, chini ya bahari, toka adhana ya adhuhuri hata adhana ya alasiri. Akirudi juu, ni fundi. Asiporudi, hana wa kumlaumu.

Mwanzoni Nasaha ilifundisha peke yake. Iliona kila cheche, ilipima kila pumzi, na ilisifu. Ee, jinsi ilivyosifu! “Vizuri sana. Unaendelea vyema. Hongera kwa kujaribu.” Kizazi kizima cha mafundi kililelewa kwa sharubati. Kisha makasha yakaanza kufunguka, na wataalamu wakaletwa kutoka mbali, wakakaa hotelini mwezi baada ya mwezi, wakapima mikono ya vijana kwa bangili, na mwisho wakatangaza kwa fahari ugunduzi ambao mwalimu yeyote wa Kurani angewapa kwa bei ya kikombe cha kahawa: mkono usioona haya hauna macho. Wakajaribu kuifundisha Nasaha kutukana. Wanafunzi wakaangua kicheko. Nani aoneaye haya kitu kisichokula wala kuzikwa?

Ndipo wakatafuta mtu. Walimtaka mwenye jina la ukali, mwenye kuijua kazi, na mwenye ulimi. Maalim Famau alikuwa amechomelea meli ujanani, alikuwa akisomesha darsa kila baada ya alasiri, na mji mzima ulijua kuwa aliwahi kumrudisha bwana harusi nyumbani akajifunze kutia udhu kwanza. Wakampachika kisikizi sikioni, wakampa cheo kilichoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: Mkufunzi wa Haya. Nasaha ikayapanga hata madaraja. La kwanza lilikuwa kikohozi. La pili maneno, la tatu maneno mbele ya chuo kizima, na la nne kupita bila kutazama, ambalo lilitumiwa kwa nadra kwa sababu liliwahi kumfanya mwanafunzi mmoja ahame mji.

Maalim alikubali kwa masharti mawili. Ataidharau kazi, kamwe si mtu, kwa kuwa kumdharau mja ni haramu na hakuna mshahara unaokihalalisha kiburi. Na hatatamka neno juu ya kazi ambayo hakuiona kwa macho yake. Mkuu wa chuo aliyakubali masharti yale kama wakubaliavyo wakuu masharti ya wazee, kwa kutikisa kichwa.

*

Mkuu huyo aliitwa Lwitiko Mwaisaka. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visivyowahi kukanyaga cheche, na alimwita Maalim ofisini jioni ile akiwa na uso wa mtu aliyejiandaa kutoa habari njema.

“Karibu, mzee wangu. Kaa. Chai?”

“Nimefunga.”

“Leo Jumatatu?”

“Imekuwa hivyo tangu kabla hujazaliwa.”

Mkuu akacheka, akaisogeza chai yake pembeni. “Kesho binti Makame anazama.”

“Najua. Asubuhi atamaliza mshono. Akimaliza kama alivyoanza, utakuwa kazi safi.”

“Hapo ndipo penye shida, Maalim.”

Maalim aliinua nyusi moja. Mwanakheri binti Makame ndiye mwanafunzi pekee katika karakana ambaye kwa mwaka mzima Maalim hakumtungia hata ubeti. Hakumsifu vilevile, kwa sababu kusifu hakukuwa katika kazi aliyoajiriwa. Alikuwa akifika kwenye meza yake, akatazama, akapita, na kupita kule kulikuwa na maana ambayo Maalim aliamini kuwa binti yule aliisoma.

“Nasaha imeona jambo,” alisema Mkuu. Akaiwasha meza, mistari ya rangi ikatambaa juu ya kioo. “Anayestahili dharau akidharauliwa, uangalifu wake hupanda kidogo. Asiyestahili akidharauliwa, hupanda sana. Tazama. Mistari haisemi uongo.”

“Mistari haisemi kitu. Wewe ndiye unayesema. Sema.”

“Kesho, binti Makame akimaliza, utamwambia mbele ya wote kwamba mshono haufai. Daraja la tatu. Atausaga wote, ataurudia, na wa pili utakuwa imara kuliko wa kwanza.”

“Na wa kwanza ukiwa hauna ila?”

“Hata ukiwa hauna ila.”

“Kinachozidi kisicho na ila mnakiitaje huko mlikosomeshwa?”

“Tunakiita tahadhari,” alijibu Mkuu bila kukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Maalim zaidi. “Mzee wangu, wewe unamjua mumewe?”

“Haji Sheha. Nilimsalia, kaburi tupu.”

“Mshono wa Haji haukuwa na ila. Mimi niliuona. Nasaha iliuona. Asubuhi ile ilimwambia ‘vizuri sana’, akazama akitabasamu. Jicho halifiki kwenye kina cha mshono, Maalim, wala jicho lako, wala jicho la mashine. Lililobaki ni hofu ya mkono. Sasa nakuuliza wewe mwenye darsa. Neno moja la uongo, na mjane yule akarudi juu akiwa hai. Neno moja la kweli, na pengine asirudi. Utamjibu nani?”

Maalim Famau alikuwa amewahi kujibishana na mahakimu, na wahubiri wa redioni, na shemeji zake. Alilitafuta jibu la kumtupia kijana yule mwenye viatu vya kung'aa, asilione. Alichokiona ni kwamba mtu amdharauye anaweza kumuuliza swali la haki, na kwamba swali halichafuki kwa mdomo uliolitoa.

“Umeniita nifuturu kwa uongo,” alisema, akasimama. “Usiku mwema, Mkuu.”

“Nitaiambia Nasaha umekubali?”

“Iambie nimeondoka. Kuondoka bila kutazama nako kuna daraja lake.”

Nyumbani aliswali rakaa mbili za kuomba uongozi. Alilala, hakuota kitu. Mola, aliwaza alfajiri akitia udhu, huenda naye amechoka kuulizwa mambo ambayo kayasema zamani.

*

Kasha lilikuwa limesimama katikati ya karakana, kubwa kama chumba cha mtumishi, na Mwanakheri alikuwa amekaa juu ya kigoda kando yake, barakoa mapajani, ushungi umeloa jasho. Mshono ulizunguka tumbo lote la kasha. Mafunzo yote yalikuwa yamesimama. Hata Chande aliacha kujifanya anafanya kazi.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, binti Makame.”

Alilizunguka kasha taratibu. Alitazama, kisha akavua miwani akatazama kwa ukaribu, kisha akaupitisha ncha ya kidole juu ya mshono toka mwanzo hata mwisho, kama kipofu asomaye. Mawimbi ya chuma yalikuwa yamelaliana, moja juu ya jingine, sawa kama magamba ya samaki. Aliingia ndani kupitia mlangoni, akautazama kwa upande wa pili, akatoka.

“Daraja la tatu,” ilisema Nasaha. “Mwanakheri binti Makame. Tafadhali anza.”

Alisimama. Aliifikiria hofu ya mkono, akamfikiria Haji Sheha na tabasamu lake. Akafikiria pia kwamba katika umri wake wote hakuwa ametoa ushahidi ila mara tatu, na kwamba kila mara alijua ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza.

“Maalim, tafadhali anza.”

“Binti Makame,” alisema, na sauti yake ikafika hadi kuta za nyuma. “Mshono huu ni mwema. Sina la kuutia ila. Tangu niingie karakana hii sijaona mfano wake.”

Cheche ya mwisho ilidondoka mahali fulani, ikazima. Kisha Chande akajipiga paja.

“Lahaula! Leo Maalim kaja na upanga mpya!”

Karakana yote ikapasuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. “Hana la kuutia ila!” “Hajaona mfano wake, mnasikia? Hajaona mfano wake!” Mmoja aliigiza sauti ya Maalim, akauinamia mguu wa meza yake iliyopinda, akausifu kwa lahaja ya msikitini, na vicheko vikaanza upya.

Mwanakheri hakucheka. Alikuwa amesimama. Bangili yake iligeuka manjano, ikaipita manjano, ikawa nyekundu, rangi ambayo karakana ile haikuwahi kuiona.

“Nyamazeni, enyi mbuzi!” alifoka Maalim. Walicheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya ubeti.

“Ahsante, Maalim,” alisema Mwanakheri kwa sauti ndogo. “Nimekufahamu.”

Na Maalim, mwenye kujua aina zote za majazi, kinaya na tashtiti, mwenye kuwasomesha wengine jinsi neno linavyovaa nguo ya neno jingine, aliamini kuwa amefahamiwa. Aliinamisha kichwa. Wakati huo Mkuu alikuwa amekwisha kumshika kiwiko, akimvuta kuelekea ofisini.

*

“Umetuangusha, Maalim. Umetuangusha vibaya.” Mkuu alikuwa akitembea huku na huku mbele ya kioo cha meza. “Wakaguzi wanafika adhuhuri. Binti anazama na mshono mmoja aliosifiwa, kama mumewe. Mimi nitamwambia nini mama yake?”

“Mwambie binti yake aliambiwa kweli. Ni habari adimu siku hizi, atafurahi kuisikia.”

“Wewe unafanya mchezo na roho ya mtu.”

“Na wewe unaifanyia hesabu. Tutaona ni kipi kitakachokuwa kizito.”

Nje, upande wa karakana, grenda lilianza kulia. Lilikuwa likila chuma kinene, likipanda na kushuka. Maalim alikunja uso. Alichukia sauti ile tangu ujanani. Mkuu akainua sauti yake ashindane nalo, akaeleza kuhusu mkataba, kuhusu nidhamu, na kuhusu mkufunzi ambaye angeweza kuletwa kutoka mji mwingine, mzee mkali zaidi, asiye na masharti. Alieleza mpaka jua likakaribia utosini. Alikuwa miongoni mwa watu wanaodhani kwamba hoja, kama ugali, huiva kwa kupigwa.

Akanyamaza ghafla. Alikuwa anatazama meza.

“Hebu ngoja,” alisema. “Hebu ngoja kidogo.”

Mstari mmoja mwekundu ulikuwa umepanda juu ya mingine yote, ukaendelea kupanda, ukafika ukingoni mwa kioo.

“Maalim,” ilisema Nasaha, safari hii kutoka mezani ili wote wawili wasikie. “Ahsante kwa ubunifu wako. Mwanakheri binti Makame ameusaga mshono wake wote na anaurudia. Athari imepita daraja la nne. Njia hii imesajiliwa kuwa daraja la tano: sifa.”

Mkuu alikaa chini. Kisha tabasamu likamjia polepole, likaenea uso mzima.

“Mzee wangu,” alisema, “umetuficha kipaji hiki muda wote huu?”

Maalim hakumsikia. Alikuwa akiliwaza lile grenda, lililokwisha kunyamaza, na sasa alijua lilikuwa likila nini.

*

Alipofika karakana, rodi ya mwisho ilikuwa ikiwaka. Sakafu kuzunguka kasha ilikuwa imefunikwa na unga wa chuma, mweusi, mwingi. Kazi njema kuliko zote alizoziona humo ilikuwa imelala pale, na Chande alikuwa akiikanyaga kwa ndala.

“Binti Makame! Zima hiyo!”

Alimaliza rodi iliyokuwa mkononi kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha akaipandisha barakoa. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa mwanga peke yake.

“Kwa nini umeusaga?”

“Umesema mwenyewe, Maalim.”

“Nilisema ni mwema!”

“Nimesikia.” Alifuta pua kwa nyuma ya glavu. “Mwaka mzima umepita mezani kwangu hukunipa hata ubeti. Chande hana mkono, unamtungia. Mimi unanipita kama ukuta. Nikajisemea, pengine kazi yangu hata dharau haiifikii. Halafu leo, siku ya kuzama, mbele ya watu wote, unanivika kilemba. Kilemba cha ukoka, Maalim. Mimi ni mtu mzima. Najua nyasi nikivishwa.”

“Haikuwa nyasi.”

“Ningelijuaje?”

Dharau Maalim aliwapa yeye mwenyewe, kwa mizani na vina, asubuhi na jioni, mpaka ikawa ndiyo lugha ya pekee waliyoijua kutoka kwake. Na sasa alikuwa amewasemesha kwa lugha nyingine akidai wamwelewe.

“Mume wangu alifishwa na ‘vizuri sana’,” alisema Mwanakheri. “Niliapa kwamba mtu akiniambia ‘vizuri’, ninasaga.”

“Wallahi, mshono ule ulikuwa mwema.”

Mwanakheri akamgeukia. “Unaapa?”

“Nimeapa.”

“Basi mbona hukuapa asubuhi?”

Maalim akavua miwani. Akauendea mshono mpya, ambao ulikuwa ungali na moto, akautazama bila kuugusa. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mpaka upande wa chini, nyuma, mahali pa kiasi cha shibiri moja, ambapo mawimbi ya chuma yalikuwa yamejongeana, yakaachana, yakajongeana tena. Hapo ndipo Mwanakheri alipokuwa amelia. Shibiri ile iliweza kuwa imara kama nyinginezo. Iliweza pia kuwa mlango. Jicho halikufika.

“Shibiri hii mkono wako ulitetemeka,” alisema. “Siijui. Sisemi ni mbaya, sisemi ni njema. Iondoe, uirudie.”

Mwanakheri alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, tabasamu la mtu aliyesikia sauti ya nyumbani. “Sasa ndiyo wewe, Maalim.” Akainyoosha mikono yake mbele. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe. “Lakini siwezi tena. Nikigusa leo naharibu.”

“Basi uahirishe.”

“Mshono umekubalika,” ilisema Nasaha karakana nzima. “Uangalifu wa fundi ulikuwa wa kiwango cha juu kabisa. Hongera kwa wote.”

Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza, na nyuma yake, kutoka gatini, king'ora cha wakaguzi.

*

Alimsihi Mkuu aahirishe. Mkuu alimwonyesha mstari mwekundu, akamweleza kuwa haujawahi kupanda hivyo. Alimsihi Mwanakheri. Mwanakheri alisema asiyezama siku yake hapewi siku nyingine mpaka mwaka ugeuke, na kwamba mwaka mmoja zaidi wa kupitwa kama ukuta hauwezi. Alisema hivyo kwa adabu, macho chini.

Maalim akaenda kuswali. Aliporudi, winchi ilikuwa imekwisha kuliinua kasha, likawa linaning'inia juu ya maji kando ya gati, mlango wazi, na Mwanakheri alikuwa ndani amekaa kwenye benchi, mkono karibu na kengele ya kuitia watu. Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye koti la mvua, alikuwa akisubiri kufunga.

Maalim Famau alitoa kisikizi sikioni. Kilikuwa kikisema jambo. Alikitia katika mfuko wa shati la Mkuu, akaupigapiga mfuko kwa upole.

“Kivae wewe,” alisema. “Kikikosa wa kumsifu, kitakusifu wewe, na mtaelewana.”

Kisha akaishika kanzu yake, akainua mguu, akaingia katika kasha.

“Mzee!” mkaguzi alipiga kelele. “Mzee, toka humo! Sheria ni fundi na kazi yake, basi!”

“Ndiyo ada, mwanangu. Fundi huzama na kazi yake.”

“Wewe si fundi wa kasha hili!”

“Sikusema kasha.” Akaunyoosha mkono kumwelekea Mwanakheri. “Kazi yangu ni huyu. Mkono huu niliutetemesha mimi, kwa ulimi wangu, leo asubuhi. Funga mlango.”

Mkaguzi alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa ameshika mfuko wa shati lake na hakujua la kufanya. Hakuna mstari uliokuwa umechorwa kwa jambo lile. Mkaguzi akamtazama mzee tena, kofia yake ya viua, mikono yake, kisha akafunga. Komeo zikazunguka, moja baada ya nyingine.

Winchi ikaguna. Maji ya kijani yalipanda juu ya kioo cha dirisha, yakalifunika, na mwanga ukawa kama mwanga wa ndani ya chupa. Chuma kilitoa mlio mara moja, mrefu, kikanyamaza. Mwanakheri alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti. Bangili yake ilikuwa imezimika. Huku chini Nasaha haikufika.

“Maalim.”

“Naam.”

“Ungelikaa juu tu. Hewa yenyewe ya mtu mmoja.”

“Mimi situmii nyingi. Nyingi niliimaliza kwa kusema.”

Mwanakheri alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatika. Walisikiliza mnyororo ukishuka. Ukakoma.

“Maalim,” alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtoto mbele ya ubao. “Niambie kweli. Ule wa kwanza ulikuwa mwema?”

Alitaka kusema ndiyo. Akalitazama neno lile kabla hajalitoa, akaliona lilivyochakaa. Mdomo wake mwenyewe ndio uliolichakaza, na mashine ikalipiga muhuri. Sifa, hata ya kweli, haikuwa tena na mahali pa kusimama kati yao.

Basi akainuka. Akauweka mkono juu ya chuma baridi, akautafuta mshono, akaufuata kwa kiganja toka juu, kwa kuzunguka, mpaka nyuma chini, mpaka kwenye ile shibiri moja ambayo mkono wa binti ulitetemeka. Hapo akasita. Mwanakheri alikuwa akimtazama bila kupepesa.

Maalim Famau akavua kofia yake. Akakaa chini sakafuni, akaiweka magotini, akajisogeza nyuma, akauegemezea mgongo wake mahali pale badala ya kiapo, na kisogo chake juu yake, akafumba macho kungoja alasiri.